Pitisha Kidole Mgongoni mwa Mtoto

Mwanangu,

Juzi ulipokuja barazani kwangu hapa Tanga, ulimpakata mtoto mapajani, ukamshika kichwa kwa kiganja cha kushoto, na kwa mkono wa kulia ukawa unamrudisha katikati kila alipolala upande. Ulifanya hivyo kama mara kumi na tano ndani ya nusu saa, na nadhani hata hukujua kama unafanya. Ndipo ukaniuliza, "Shangazi, mbona anazidi kuegemea kushoto? Ni mgongo, au ni shingo tu haijakaza?" Nilikujibu kwa ufupi kwa kuwa wageni walikuwa wengi. Leo nimekaa nikujibu inavyostahili, wewe na vijana wenzako: kina mama, kina baba, na ninyi mnaoanza kazi katika kliniki za mazoezi ya viungo, kazi niliyoifanya miaka 35.

Nasaha yangu ni moja, mengine yote ni maelezo yake. Mgongo wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hupinda polepole, mbele ya macho yetu, na wa kwanza kuweza kuliona hilo ni yule anayemwogesha. Kwa hiyo pitisha kidole mgongoni mwake kila mwezi, na ukiona jambo, sema siku hiyohiyo. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa mgongo huu sijapata kuona methali iliyo kweli kuliko hiyo.

Kwanza uondoe hofu na lawama moyoni. Mtindio wa ubongo ni jeraha lililoupata ubongo ulipokuwa bado mchanga. Huku kwetu sababu zake tunazijua: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya siku zake, manjano kali ya wachanga iliyochelewa kutibiwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo. Utafiti uliofanywa Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, ulikuta karibu watoto 3 wenye hali hii katika kila watoto 1,000, na kiasi cha robo yao waliumia baada ya siku za uchanga kupita, malaria kali ikiwa miongoni mwa visababishi. Hapo hapana mkono wa jirani, wala laana ya ukoo, wala adhabu kwa jambo ulilolifanya ulipokuwa na mimba. Anayekwambia hivyo msikilize kwa adabu, kisha endelea na safari yako ya kliniki.

Jeraha lenyewe haliongezeki. Linabaki palepale lilipo, ila mwili unakua, na hapo ndipo mgongo unapoingia. Umeuona mlingoti wa jahazi. Unene wake peke yake hauusimamishi. Husimama kwa kamba zinazouvuta huku na huku, na baharia anayejua ipi aikaze na ipi ailegeze. Mgongo wa mwanadamu ni hivyo hivyo. Pingili zake zimepangwa moja juu ya nyingine, misuli ya kiwiliwili ndiyo kamba, na ubongo ndiye baharia. Baharia akiumia, kamba moja hukaza kupita kiasi na nyingine hulegea, na mlingoti huinama. Mtoto akiwa na miaka mitatu, ukimshika anarudi wima. Akifika kumi, mifupa yenyewe imeanza kukua kwa kufuata ule uinamo, na ukimshika harudi wote. Akifika kumi na tano, mwili umerefuka ghafla na uinamo umekuwa ndiyo umbo lake.

Kupinda huku wataalamu hukuita skoliosisi. Mwaka 1948 daktari Mmarekani, John Cobb, alieleza namna ya kupima kupinda huko kwenye picha ya eksirei kwa kuchora mistari miwili na kuhesabu pembe iliyo kati yake, na hadi leo dunia nzima inatumia kipimo hicho. Kuanzia digrii 10 ndipo tunasema mgongo umepinda. Ukikaribia 40 au 50, mambo hubadilika. Kwa kijana asiye na mtindio, uti ukipinda kidogo mara nyingi hutulia akimaliza kukua. Kwa watoto wetu hautulii. Kwa waliofuatiliwa baada ya kukoma kukua, kupinda kulionekana kuongezeka kiasi cha digrii 0.8 kwa mwaka pale pembe ilipokuwa chini ya 50, na kiasi cha digrii 1.4 kwa mwaka ilipozidi hapo. Ichukulie hesabu hiyo: kijana wa miaka 20 mwenye digrii 60, kwa mwendo huo, akifika 40 amekaribia 90. Ndiyo maana nasisitiza kuanza mapema.

Si watoto wote walio hatarini sawasawa. Mwaka 1997 Robert Palisano na wenzake nchini Kanada waligawa mwendo wa watoto hawa katika madaraja matano. Wa daraja la kwanza anatembea na kukimbia, ingawa kwa kuyumba. Wa daraja la tano hawezi kushika kichwa wala kuketi bila kushikwa. Anayetembea mwenyewe ni nadra mgongo wake kupinda vibaya. Katika daraja la tano, zaidi ya nusu hufikia kupinda kwa kiasi kikubwa kabla hawajawa watu wazima. Uliza kliniki yako mtoto yuko daraja gani, na jibu liandikwe kwenye daftari lake. Wa kwako, kwa nilivyomwona, yuko la nne au la tano. Sikwambii kukutisha, nakwambia ujue unapigana na nini.

Sasa nikueleze namna ya kuangalia. Jioni, baada ya kumwogesha, mwili wake ukiwa bado na joto la maji na misuli imelegea, mketishe mbele yako akiwa amekupa mgongo, na baba yake au dada yake amshike mabegani kutoka mbele. Asilale, akilala mgongo hujificha, hunyooka kwa muda ukadhani hana neno. Weka kidole cha shahada chini ya kishogo na ukishushe taratibu juu ya vinundu vya pingili, kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye mkia wa mgongo. Je, kidole kimeshuka wima, au kimekwenda pembeni kikarudi? Tazama mabega: moja liko juu ya jingine? Tazama kiunoni: upande mmoja una mkunjo mzito wa ngozi na mwingine uko laini? Fungua ule mkunjo; mara nyingi ndani yake utakuta wekundu na unyevu, pengine na harufu. Gusa mbavu: upande mmoja umetoka nyuma kama kibiongo kidogo? Mwisho tazama makalio: anakalia yote mawili, au uzito wote uko upande mmoja? Andika tarehe na ulichokiona. Mwezi ujao linganisha. Kazi yote hiyo haizidi dakika tano, wala haihitaji mashine.

Niliwahi kushindwa kumfundisha mama mmoja dakika tano hizo, na sijasahau. Alitoka upande wa Pangani, na binti yake alikuwa na miaka sita. Nilimpima miguu, nikamwonyesha mazoezi ya kunyoosha, nikauona ule mkunjo wa kiunoni upande wa kushoto, nikaandika kwenye faili: mgongo umeegemea kidogo. Kisha nikamwambia mama arudi akipata nafasi. Nafasi aliipata baada ya miaka minne. Aliporudi, mbavu za binti zilikuwa zimeshuka mpaka zinagusa mfupa wa kiuno. Chini ya kalio moja palikuwa na kidonda cha kulalia. Alikuwa analishwa amelala, anapaliwa, na amekonda. Mama yule hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Ulikuwa ukiuona siku ile?" Nikamjibu ndiyo. Akauliza, "Mbona hukunionyesha?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Ninyi vijana wa kliniki, mkiona kitu, mshikeni mzazi mkono, mpitisheni kidole chake palepale alipopinda mtoto, asikie mwenyewe. Maandishi ya kwenye faili hayaogeshi mtoto.

Kwa nini mgongo uwe jambo kubwa kiasi hicho, wakati mtoto ana kifafa, ana shida ya kula, na maji ya bomba hayatoki? Kwa sababu mgongo ukilala, mengine yote hulala nao. Tumbo hukunjika na chakula hurudi kooni. Pafu la upande wa ndani hubanwa na kikohozi hakitoki vizuri. Fupanyonga, yaani lile bakuli la mifupa la kiunoni, hupanda upande mmoja na mtoto akawa anakalia mfupa mmoja tu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii: mkono. Mtoto anayeanguka upande huweka mkono wake chini kujizuia. Mkono huo umegeuka nguzo. Hauwezi tena kushika kijiko, wala kuelekeza anachotaka, wala kumgusa mdogo wake. Ukiona mtoto anatumia mkono mmoja tu, kabla hujasema mwingine umepooza, mshike kiwiliwili uone utafanya nini.

Tuje kwenye tiba, na tuanze na zile zilizo mikononi mwako. Kulala kwake ni tiba. Mtoto asiyeweza kujigeuza anaweza kukaa saa kumi kwa siku katika mlalo mmoja, tena miguu yote imeangukia upande uleule. Mlaze kwa ubavu leo upande huu, kesho ule. Weka mto kati ya magoti, na kanga iliyoviringishwa nyuma ya mgongo. Angalia kitanda kimekaaje. Kama kichwa chake siku zote kinageukia mlangoni kwa sababu ndiko watu wanakotokea, basi geuza kitanda. Kumbeba nako ni tiba. Ukimbeba ubavuni, badilisha ubavu. Na usikubali mtu amkande kwa nguvu, amvute, wala amning'inize ili anyooke. Mifupa ya watoto wasiosimama huwa dhaifu, na baadhi ya dawa za kifafa huidhoofisha zaidi. Nimeona paja lililovunjika kwa sababu ya mkandaji mwenye nia njema. Mpe jua la asubuhi, na dagaa, maziwa, karanga zilizosagwa ndani ya uji. Mtoto mnene kidogo ana akiba. Mtoto aliyekonda hana cha kupigania.

Kiti nitakiongelea kwa kirefu, maana ndicho kilichonipa furaha kubwa kuliko vyote katika kazi yangu. Watu wengi wanapopata kiti mwendo cha msaada, huwa ni cha mtu mzima. Mtoto huketishwa humo kama kifaranga ndani ya pakacha, pembeni husokomezwa sponji na nguo, na baada ya robo saa ameteleza, ameanguka kushoto, mkanda umemkaba kifua. Kiti cha namna hiyo humharakisha kupinda. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema wazi kuwa kiti mwendo lazima kipimwe kulingana na mwili wa anayekitumia, na mtumiaji afundishwe. Idai haki hiyo kwa upole na bila kuchoka. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ni mahali pa kuanzia. Moshi pana chuo cha TATCOT, ambacho tangu 1981 kimefundisha mafundi wa vifaa hivi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kenya kuna chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilichoanza 1958 na kina karakana zake.

Kanuni ya kiti anza nayo chini: makalio kwanza. Kikalio kiwe kigumu na bapa, upana wake ukizidi makalio kidogo tu. Mkanda upite juu ya mapaja mahali yanapoungana na kiuno, usipite tumboni. Miguu ikanyage ubao, isining'inie. Makalio yakitulia, njoo kwenye kiwiliwili: pedi moja ibane fupanyonga upande ule mgongo unaoinamia, pedi ya pili nayo upande huohuo iwe juu, chini kidogo ya kwapa, na ya tatu upande wa pili, palepale uti ulipotokeza. Vidole vitatu vinavyoshika fimbo iliyopinda ndivyo hivyo. Mbele weka meza ndogo ya kuegemeza mikono.

Kama kiti cha kununua kimeshindikana, usikate tamaa. Tulitengeneza vya karatasi. Unakusanya maboksi ya dukani, unapika gundi ya unga, unabandika tabaka juu ya tabaka, unagandamiza kwa mawe, unaanika juani mpaka kigumu kama ubao, kisha unapaka rangi ya mafuta kisilowe. Kimoja tulikitengeneza kwa mvulana wa miaka tisa ambaye tangu nimfahamu mkono wake wa kulia ulikuwa chini, umejikita mkekani. Tulipomfunga mkanda wa mapajani na kuzisogeza pedi, alikaa kimya, macho yamemtoka, kama anayesikiliza. Kisha ule mkono ukanyanyuka. Ulitetemeka, ukaenda kushoto, ukarudi, ukatua juu ya meza karibu na kikombe cha uji. Akakisukuma kikombe mbele ya bibi yake. Alikuwa anataka tena. Bibi yule alikuwa amemlisha miaka tisa akikisia ameshiba lini.

Nitakuwa mkweli kwako: kiti kizuri na mlalo mzuri havijathibitika kuuzuia mgongo usipinde kabisa, na ule wa mvulana yule uliendelea kupinda. Ila alikula ameketi, kidonda hakikumpata, na watu walianza kumsemesha wakimtazama usoni badala ya kumwinamia. Miaka hiyo ni yake, haikupotea.

Korseti nayo, yaani gamba la plastiki au kitambaa kigumu linalofungwa kiwiliwilini, ielewe kwa namna hiyohiyo. Kwa kijana wa kawaida mwenye skoliosisi linaweza kuzuia kupinda. Kwa mtoto mwenye mtindio kazi yake kubwa ni kumsaidia aketi na atumie mikono, na pengine kupunguza mwendo kidogo akiwa bado mdogo na mgongo bado ni laini. Likitumika, avae fulana ya pamba ndani yake, livuliwe wakati wa kulala, na ngozi ikaguliwe kila siku, hasa kwenye joto letu hili la pwani. Wekundu usiofutika ndani ya nusu saa ni onyo. Tumboni liwe na tundu apate kula na kupumua. Likimnyima raha au likimtapisha, mrudishie fundi alirekebishe, usilitupe uvunguni.

Nyonga usizisahau. Nyonga ikichomoka huleta maumivu na huvuruga ukaaji. Sweden tangu 1994 wamekuwa wakiwafuatilia watoto hawa kwa utaratibu, wakipima viungo na kupiga eksirei za nyonga mara kwa mara, na nyonga kuchomoka kumepungua sana. Walichofanya hasa ni kuangalia mapema na kwa mpango. Basi ukienda kupiga picha, omba nyonga na mgongo viangaliwe vyote, na ya mgongo apigwe ameketi. Itunze picha, ya mwaka huu haina maana kubwa bila ya mwaka jana.

Sasa upasuaji, ambao najua ndio unaokunyima usingizi. Historia yake ina jambo la kututia moyo. Miaka ya 1950, Paul Harrington wa Houston alianza kunyoosha migongo ya watoto waliougua polio kwa fimbo ya chuma iliyoshikwa kwa ndoano juu na chini, na baada ya hapo mtoto alifungwa plasta ya mwili kwa miezi. Huko Mexico, miaka ya 1970, Eduardo Luque aliona plasta hiyo haiwafai wagonjwa wake, wengi maskini, wanaoishi kwenye joto na mbali na hospitali. Akaanza kuzifunga fimbo kwa waya kwenye kila pingili, ili mgongo ujishike wenyewe bila plasta. Kutoka hapo watoto wenye mtindio walinufaika sana. Baadaye madaktari wa Galveston, Texas, wakapata njia ya kuzikita ncha za fimbo ndani ya fupanyonga ili nalo linyooke. Siku hizi skrubu zimechukua nafasi ya waya kwa sehemu kubwa. Njia iliyowafaa watoto wa nchi tajiri ilitoka kwa daktari aliyewafikiria wagonjwa wa joto na umaskini kama sisi.

Upasuaji huzungumzwa pembe inapozidi digrii 40 hadi 50, inaongezeka, na mtoto anaanza kushindwa kuketi au anaumia. Mara nyingi ni kwenye umri wa balehe, kwa sababu pingili zikishaunganishwa hazirefuki tena. Mgongo hushikwa kuanzia juu karibu na shingo mpaka kwenye fupanyonga. Ni kazi ya saa nyingi, damu hutoka nyingi, na baada yake mtoto hukaa chumba cha uangalizi maalumu. Si ajabu theluthi moja ya watoto hawa, au zaidi, kupata tatizo: nimonia, usaha kwenye kidonda, chuma kulegea. Wachache hufariki. Wakati huohuo, walezi wengi waliopitia huko husema mtoto anaketi vizuri, haumwi kama zamani, ni rahisi kumhudumia, na wangekubali tena. Usitazamie atembee wala aongee. Chuma kinashika mgongo, hakitibu ubongo.

Kabla ya kukubali, uliza maswali haya, na usione haya. Uzito wake unatosha kuvumilia, au tumlishe kwanza miezi kadhaa, hata ikibidi kwa mrija wa tumboni? Mapafu yake yakoje? Kifafa kimetulizwa? Kama anatumia dawa ya kifafa ya valproeti, damu imepimwa uwezo wake wa kuganda, maana dawa hiyo inaweza kuongeza utokaji damu? Damu ya kumwongezea ipo? Chumba cha uangalizi kipo, na kina nafasi siku hiyo? Nani atamfuatilia baada ya miezi sita? Kwa Tanzania, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili ni mahali pa kuuliza. Kenya, hospitali ya watoto ya CURE huko Kijabe. Uganda, hospitali ya CoRSU karibu na Entebbe. Mkiambiwa hafai kupasuliwa, au mkiamua wenyewe kutokufanya, hamjamtupa mtoto. Kiti, mlalo, chakula na dawa ya maumivu vinaendelea, na ni tiba kamili. Mama mmoja alikataa upasuaji baada ya kufikiri sana, nikamheshimu. Mwingine alikubali, nikamheshimu vilevile. Wote wawili walikuwa wamemtazama mtoto kwanza.

Kwenu vijana wa kazi yangu, nina mawili. Msemesheni mtoto kabla hamjamgusa. Wengi wanaelewa kuliko tunavyodhani, na mtoto hulia kwenye kitanda chenu kwa sababu mikono migeni imemgeuza bila hodi. La pili, msiseme "atakuwa tu" ili mzazi aondoke ametabasamu. Faraja ya uongo inamla mtoto miaka.

Na kwako mwanangu: mgongo wako nao ni mgongo. Piga magoti unapomnyanyua, usiiname. Mwambie mumeo ajifunze kumwogesha, si kwa hisani bali kwa kuwa ni mtoto wake. Mama mkwe, wifi, jirani, kila mmoja apewe zamu yake. Na umtoe nje. Mficha maradhi kilio humfichua; nimeingia vyumba vya ndani ambamo mtoto amelala miaka upande uleule wa ukuta, na mgongo wake umechukua umbo la godoro.

Leo jioni ukishamkausha maji, mgeuze akupe mgongo, babake amshike mabega. Anza chini ya kishogo. Shuka taratibu, pingili kwa pingili. Kisha chukua daftari uandike tarehe, na ulichokisikia kidoleni. Jumamosi niletee daftari hilo barazani, na mtoto uje naye. Kikalio cha karatasi tutaanza kukipima siku hiyohiyo, maboksi nimeshayakusanya.

Mungu akupe subira na nguvu.

Shangazi yako.